Duka la Kambini Hufuata Mwezi

*Mwongozo kwa mwenye duka dogo, kutoka Busisi mpaka kambi za wavuvi wa dagaa*

Kwa miaka mingi duka la Busisi lilibebwa na foleni. Magari yalisimama kusubiri kivuko, abiria wakashuka kujinyoosha, mtoto akalilia biskuti, dereva akataka maji na vocha. Aliyekuwa na meza ya mbao na boksi la sabuni aliweza kusomesha watoto kwa foleni ile. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3, kati ya Kigongo wilayani Misungwi na Busisi wilayani Sengerema. Siku hizi gari linavuka kwa dakika chache na halisimami. Nchi imepata daraja, na mwenye meza amepoteza wateja wake.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yako wewe uliyebaki na rafu, mizani na uzoefu, na unajiuliza pa kuvipeleka. Pako karibu. Kandokando ya Ghuba ya Mwanza, na kwenye visiwa kama Kome, Maisome na Ukerewe, kuna kambi za wavuvi ambako watu hulala kwenye vibanda vya mabanzi na maturubai, mbali na soko. Wanahitaji unga, chumvi, kiberiti na sabuni kila siku, na huduma hiyo ni stahili yao kama ilivyo kwa mtu wa mjini.

Lakini usihamishe duka la foleni ukalipeleka kambini kama lilivyo. Foleni ilikuja kila siku. Kambi huja na kuondoka na mwezi.

## Kwanza elewa: kwa nini mwezi?

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Sasa wengi wanatumia taa za sola. Mwanga huwavuta dagaa karibu na mtumbwi, kisha wavu unapandishwa. Taa hufanya kazi hiyo pale tu giza linapokuwa giza kweli. Mwezi mpevu ukiangaza ziwa zima, taa ya mvuvi haina nguvu tena, dagaa hutawanyika, na mtumbwi unarudi na ndoo mbili za aibu. Ndiyo maana siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, hushona nyavu, hukarabati mitumbwi, na wengi hurudi nyumbani.

Mzunguko mzima huchukua siku 29 na nusu. Baada ya mwezi mpevu, kila usiku mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50. Baada ya usiku chache tayari kuna saa kadhaa za giza mwanzoni mwa usiku, na taa zinarudi ziwani. Giza hukolea mpaka mwezi unapotoweka, kisha mwezi mwandamo huonekana magharibi na kila jioni hukawia zaidi kuzama, hadi mbalamwezi nyingine.

Kwa mwenye duka, hesabu hiyo ina maana tatu:

- Mauzo yako hayafuati tarehe 30 ya mshahara. Yanafuata giza.
- Madeni yako yana tarehe yake ya kufa. Mvuvi akiondoka mbalamwezi bila kulipa, anaweza kutua mwalo mwingine, yaani ufukwe mwingine wa wavuvi, giza lijalo.
- Mzigo wako una muda wa kuingia. Ukifika na magunia wakati kambi inaondoka, panya ndio watakaokuwa wateja.

Njia rahisi ya kujua uko wapi: chukua kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu. Miezi yake huanza na mwezi mwandamo, hivyo tarehe 13, 14 na 15 ndizo za mwezi mpevu. Zizungushie kalamu kwa mwaka mzima. Hiyo sasa ndiyo kalenda ya duka lako.

> KISANDUKU: MWEZI MMOJA WA DUKA LA KAMBINI
>
> 1. Siku za mbalamwezi. Kambi imepoa. Funga hesabu, kusanya madeni ya mwisho, nenda kuhemea mzigo, tengeneza kibanda.
>
> 2. Giza linaanza (usiku chache baada ya mwezi mpevu). Watu wanarudi, wengi mikono mitupu. Wanahitaji unga, mafuta, sabuni, betri, na mara nyingi wanahitaji kukopa. Duka liwe limejaa kabla yao.
>
> 3. Giza nene (mwezi umetoweka). Kilele cha mauzo. Pesa ipo mkononi. Uza taslimu, na anza kudai ulichokopesha mwanzo.
>
> 4. Mwezi mwandamo hadi nusu mwezi. Wavuvi hungoja mwezi uzame ndipo watoke, hivyo duka hufunguliwa hadi usiku zaidi. Acha kukopesha. Punguza mzigo unaooza.

## Hatua ya 1: Kaa kambini giza moja kabla ya kununua chochote

Hasara nyingi huanzia kwenye mzigo ulionunuliwa kwa kukisia. Kabla ya kutoa shilingi, nenda kambini uone giza moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kama huwezi kukaa mfululizo, nenda mara tatu: giza linapoanza, linapokolea na linapokwisha. Beba daftari, ujaze yafuatayo:

1. Mitumbwi mingapi inalala hapa, na kila mmoja una watu wangapi?
2. Wanawake wanaoanika dagaa ni wangapi, na wanakaa kambini au wanatoka kijijini asubuhi?
3. Nani hulisha vijana wa mtumbwi: wanajipikia, tajiri (mwenye mtumbwi) ananunua chakula cha wote, au kuna mama lishe?
4. Mgao wa pesa unafanyika kila asubuhi dagaa wakiuzwa, au mwisho wa giza?
5. Maduka mengine yapo mangapi? Kitu gani huisha kwao mapema?
6. Maji ya kunywa yanatoka wapi?
7. Mtandao wa simu unashika sehemu gani?
8. Boti ya mzigo inakuja siku gani?

Swali la 3 na la 4 ndiyo nguzo. Pale tajiri anaponunulia wote chakula, mteja wako mkubwa ni yeye: atataka mfuko mzima wa unga na ataomba bei ya jumla. Pale vijana wanapojipikia, watataka robo, nusu, na mafuta ya kupima. Ni maduka mawili tofauti kabisa, hata kama bidhaa ni zilezile.

## Hatua ya 2: Pata ruhusa, na simama mahali halali

Kambini mtu huona kama hakuna serikali. Ipo, na kuifuata mapema ni nafuu kuliko kukimbizana nayo na mzigo kichwani.

1. Anza na wenyeji. Jitambulishe kwa mtendaji wa kijiji na kwa viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi katika mwalo huo. Nenda kwa adabu, shikamoo kwanza, biashara baadaye. Wao ndio wanaojua eneo gani lina mgogoro.
2. Omba leseni ya biashara halmashauri. Kama umehama kutoka Sengerema kwenda Buchosa au Ukerewe, umebadilisha halmashauri. Uliza tena ada na ushuru wa mahali hapo.
3. Pata TIN kutoka TRA na uweke kumbukumbu za mauzo. Mfanyabiashara mdogo anayeonyesha daftari hukadiriwa kwa alichouza. Asiye na daftari hukadiriwa kwa kukisiwa.
4. Pima mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukijenga karibu na maji ili uwahi wateja, unajenga juu ya amri ya kubomoa.

Mita hizo si za sheria peke yake. Ziwa Victoria lilijaa kupita kiasi mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yakameza fukwe, vibanda na barabara za mialo. Waulize wazee wa pale: "Maji yalifika wapi?" Watakuonyesha mti au jiwe. Jenga juu ya alama hiyo.

Ukiamua kubaki Busisi kandokando ya barabara ya Usagara–Sengerema–Geita, kanuni ni ileile: usiweke banda ndani ya hifadhi ya barabara. Ulizia mpaka wake TANROADS au kwa mtendaji kabla ya kuchimba shimo la mrunda wa kwanza.

## Hatua ya 3: Jenga kibanda kinachoweza kuhama

Kambi huhama samaki wanapohama. Duka lako lisikufunge mguu.

- Tumia mabati na mirunda inayofunguka kwa misumari michache au kwa boliti.
- Weka kichanja cha kuinua magunia angalau shubiri mbili kutoka chini. Unyevu wa ufukweni huharibu unga kutokea chini bila wewe kuona.
- Weka nafaka, sukari na unga kwenye mapipa ya plastiki yenye vifuniko. Panya wa mwaloni wameshiba dagaa, lakini hawakatai sembe.
- Tumia taa ya sola. Usiwashe mshumaa wala koroboi ndani ya duka.
- Acha nafasi wazi kati ya duka lako na kibanda cha jirani, moto usiruke.

Onyo: Usiweke petroli dukani, hata kidumu kimoja cha "dharura". Kambi nyingi ni za nyasi, mabanzi na maturubai. Mvuke wa petroli husafiri chini kwa chini mpaka ulipo moto wa mama lishe, na ukishika, unaunguza kambi nzima. Zaidi ya hayo, unga uliokaa karibu na petroli haulikiki.

## Hatua ya 4: Chagua mzigo kwa makundi manne

Mtaji mdogo haukuruhusu kuuza kila kitu. Gawa mzigo wako hivi:

Kundi la kwanza, vitu visivyotakiwa kukosekana hata siku moja: unga wa sembe na dona, unga wa muhogo, mchele, chumvi, sukari, majani ya chai, mafuta ya kula, sabuni ya mche na ya unga, kiberiti. Duka lililokosa chumvi siku mbili hupoteza wateja wiki mbili.

Kundi la pili, vitu vya kazi: betri, tochi, nyuzi na sindano za kushonea nyavu, kamba, viwembe, mifuko ya kuhifadhia simu isilowe, maturubai ya kuanikia. Mauzo yake si ya kila siku, lakini mtu akihitaji, anahitaji sasa hivi kabla mtumbwi haujaondoka.

Kundi la tatu, vitu vya kulinda afya: dawa ya kutibu maji ya kunywa, ndoo zenye vifuniko, vyandarua, kondomu, taulo za kike, sabuni ya kunawa. Hapa nakusihi usiangalie faida tu. Kambi nyingi huchota maji ya ziwa na choo kiko mbali. Kipindupindu kikiingia hakichagui. Malaria na virusi vya UKIMWI vimezitesa sana jamii za wavuvi. Taulo za kike mara nyingi hukosekana kwa sababu tu mwenye duka ni mwanamume na hakukumbuka. Kumbuka.

Kundi la nne, vitu vinavyooza: nyanya, vitunguu, mkate, maandazi, mayai. Hivi vilete kidogo kidogo na kwa giza pekee. Siku tano kabla ya mwezi mpevu, simamisha kabisa isipokuwa vitunguu.

Mtaji wa kuanzia, weka nusu yake kwenye kundi la kwanza. Nusu iliyobaki uigawe kwa makundi mengine, na ubakize akiba ya nauli ya mzigo ujao.

> KISANDUKU: USIUZE VITU HIVI
>
> - Dawa za hospitali. Panadol na dawa za malaria zina duka lake: famasi, au Duka la Dawa Muhimu lenye kibali na muuzaji aliyefunzwa.
> - Viroba. Pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki imepigwa marufuku tangu Machi 2017. Pombe nyingine zina leseni yake ya vileo.
> - Mifuko ya plastiki ya kubebea. Marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Tumia mifuko mbadala au karatasi.
> - Sigara kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, hata akisema ametumwa na kaka.
> - Makokoro, timba na zana nyingine haramu. Kabla ya kuuza wavu au ndoano yoyote, muulize ofisa uvuvi. Anayeuza kokoro leo anaua kambi atakayoitegemea kesho.

## Hatua ya 5: Safirisha mzigo salama

Daraja lililoondoa foleni limekuachia zawadi moja: barabara ya kwenda kuhemea. Unaweza kuondoka Busisi alfajiri, ukanunua kwenye maduka ya jumla Mwanza mjini, ukarudi jioni bila kungoja kivuko ng'ambo. Tumia nafasi hiyo. Linganisha bei ya Sengerema na ya Mwanza kwa bidhaa tano kubwa, ukijumlisha nauli. Mara nyingine Sengerema itashinda, kwa sababu bei ya chini ya mjini imeliwa na gari.

Safari ya pili, ya majini, ndiyo inayotaka moyo wa tahadhari.

1. Funga unga, sukari na kiberiti kwenye nailoni nzito mara mbili, kisha ndani ya pipa au gunia.
2. Andika jina lako na orodha ya vitu. Mpe nahodha nakala moja, baki na moja.
3. Gawa mzigo mkubwa kwenye safari mbili. Boti moja ikipata ajali, duka lisife.
4. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania wa Ziwa Victoria kabla ya kupakia.
5. Vaa jaketi la kuokolea. Nunua lako, lisiwe la kuazima.
6. Usikae juu ya magunia, na usikubali boti ijazwe mpaka maji yabaki kiganja kimoja kufika ukingo.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na gati la Ukara kikiwa kimejaza watu na mizigo, na watu zaidi ya 220 wakafariki. Wengi walikuwa watu kama wewe na mimi, wametoka sokoni. Mzigo unaosubiri boti ya kesho haujapotea.

## Hatua ya 6: Panga bei na vipimo vya haki

Bei ya kambini ni kubwa kuliko ya mjini, na wateja wanalijua hilo. Wasilolikubali ni kuonewa. Bei ya haki huanzia kwenye gharama halisi.

Mfano wa kujifunzia: katoni ya sabuni yenye miche 10 umeinunua 30,000. Nauli ya gari na boti 1,000. Mpagazi na ushuru 500. Jumla 31,500, maana yake kila mche umekugharimu 3,150. Ukiuza mche mzima 3,500, unapata 350. Ukiukata vipande vitano na kuuza 800 kila kimoja, unapata 4,000, faida 850.

Unaona: faida kubwa ipo kwenye kupima kidogo kidogo. Na uonevu mkubwa nao hujificha hapohapo. Kwa hiyo:

- Tumia mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, yenye alama ya mwaka huu.
- Kopo la kupimia mafuta liwe moja, lisilobonyea, na wateja walione.
- Andika bei ya vitu kumi vikuu kwenye ubao. Mgeni na mwenyeji walipe sawa.
- Usipandishe chumvi, unga na dawa ya maji kwa sababu tu boti imechelewa. Mvuvi husahau faida uliyomletea, lakini hasahau siku uliyomkamua.

## Hatua ya 7: Kopesha kwa giza moja tu

Hapa ndipo maduka mengi ya kambini hufia. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Na bado kambini huwezi kukataa mkopo kabisa: mvuvi anafika siku ya kwanza ya giza bila kitu, na mgao wake uko ziwani bado. Ukimnyima, atakula kwa jirani na atalipia kwa jirani. Basi kopesha, lakini kwa kanuni ambazo kambi nzima inazijua.

Kanuni ya kwanza: deni lisivuke mbalamwezi. Kila deni la giza hili lilipwe kabla kambi haijatawanyika. Asiyelipa hakopi giza lijalo, awe nani.

Kanuni ya pili: jumla ya madeni isizidi theluthi moja ya mzigo. Ukiwa na mzigo wa 900,000, madeni yote yakifika 300,000 funga daftari. Usipofanya hivyo, utakuwa umekopesha nauli ya kuhemea.

Kanuni ya tatu: kopesha chakula na sabuni, usikopeshe sigara, soda wala vocha. Mtu akikosa unga hataingia ziwani. Akikosa sigara ataingia tu.

Kanuni ya nne: pata mdhamini. Kwa kijana asiyejulikana, tajiri wake akubali mbele yenu wote kwamba atakata kwenye mgao. Fanya hivyo giza linapoanza, siyo siku ya kudai.

Kanuni ya tano: andika hapo hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mstari uwe na tarehe, jina, simu, namba ya mtumbwi, jina la tajiri, kitu, bei, na sahihi au dole gumba. Msomee mteja kwa sauti kabla hajaondoka.

Ukilipwa kwa dagaa: kubaliana bei kabla ya kupima, tumia ndoo ileile kila mara, na pokea dagaa waliokauka tu. Wakati wa masika na vuli dagaa hunyeshewa kabla hawajakauka. Walioharibika huishia kuuzwa kwa chakula cha kuku, kwa bei ya chini. Msimu huo punguza mikopo hata kama giza ni zuri, kwa sababu samaki anaweza kuvuliwa na pesa isipatikane.

Kumbuka pia deni lako mwenyewe. Ukichukua mali kauli kwa muuzaji wa jumla, mwombe tarehe ya kulipa iangukie mbalamwezi, siyo mwisho wa mwezi wa kalenda. Mweleze sababu, wa Mwanza wanawajua wavuvi.

## Hatua ya 8: Linda pesa

1. Sajili lipa namba. Pesa ya kwenye simu haiibiwi usiku pamoja na boksi.
2. Andika mauzo ya siku kila unapofunga, hata kama ni mistari mitatu.
3. Tenganisha mifuko mitatu: pesa ya mzigo, nauli, na matumizi ya nyumbani. Jilipe kiasi kilekile kila giza.
4. Usitangaze siku unayokwenda kuhemea.
5. Unganeni wenye maduka watatu au wanne kukodi boti moja. Mkiwa kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu, ulizeni halmashauri kuhusu mikopo ya asilimia 10 isiyo na riba, na mfuate masharti yake.

> KISANDUKU: KAMA KAMBI NI YA WATALII
>
> Karibu na Mwanza kipo Kisiwa cha Saanane, na upande wa Geita ipo Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977. Ndani ya hifadhi huuzi kitu bila ruhusa ya TANAPA. Soko lako ni magati na barabara za kuelekea huko. Mwenye hema hutaka maji ya chupa, mkate, matunda, mayai ya kuchemsha, kiberiti, mkaa, karatasi za chooni, dawa ya mbu na betri. Huyu hafuati giza, hufuata likizo, na kipindi kikavu cha Juni hadi Oktoba ndicho kikubwa. Andika bei, toa chenji kamili, na weka kikapu cha kurudishia chupa tupu.

## Makosa yanayorudiwa

- Kuleta mzigo mkubwa siku kambi imejaa. Ikijaa, giza limeshafika katikati. Mzigo huletwa kambi ikiwa tupu.
- Kuiga duka la jirani. Mkiuza vitu vilevile mtagawana wateja walewale. Uza kile kinachoisha kwake mapema.
- Kumkabidhi mtoto duka siku za shule. Kambini watoto wengi wameacha darasa hivyohivyo. Duka lako lisiwe sababu ya mwingine.
- Kudai kwa kelele mbele ya wenzake. Mvuvi aliyeaibishwa hahangaiki kulipa, anahama. Mwite pembeni.
- Kubaki kambini kwa ukaidi. Magiza mawili mfululizo mitumbwi ikipungua, usingoje la tatu. Fungua mabati.

## Orodha ya kukagua: usiku wa mwezi mpevu

Kila mwezi, usiku huo, kaa na daftari na ujibu:

☐ Madeni yote ya giza lililopita yamelipwa? Nani amebaki?
☐ Jumla ya pesa na mzigo imezidi ya mbalamwezi iliyopita?
☐ Kitu gani kiliisha mapema? Kipi kilibaki rafuni?
☐ Chumvi, kiberiti, dawa ya maji na taulo za kike zipo kwenye orodha ya kununua?
☐ Leseni na alama ya mizani ni za mwaka huu?
☐ Maji ya ziwa yamesogea kiasi gani tangu mwezi uliopita?
☐ Boti ya mzigo imeshapatikana, na jaketi lipo?
☐ Mbalamwezi ijayo imezungushiwa kalamu?

Ukimaliza, zima taa na ulale. Asubuhi nenda kahemee. Usiku chache baadaye utasimama mlangoni pa duka lililojaa, na huko ziwani, moja baada ya nyingine, taa za wavuvi zitaanza kuwaka kama mji uliohamia majini. Busisi tulizoea kuhesabu magari yakija. Sasa hesabu taa hizo: kila moja ni mtumbwi wa watu watakaorudi alfajiri wakiwa wamelowa na wana njaa, na wataulizia unga.